Kutoka Hesabu za Kichwa hadi Kambi

Sisi tuliosoma Nyashimo ikiwa bado Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, tulishindanishwa kwa hesabu za kichwa. Mwalimu aliuliza mara moja tu. Asiyejibu alibaki amesimama.

Mwaka 2012 tukapata Mkoa wa Simiyu na Wilaya ya Busega, Nyashimo ikawa makao makuu. Mwaka huohuo mtihani wa Hisabati wa darasa la saba ukawa wa kuchagua: unatia kivuli kwenye herufi, kompyuta inasahihisha. Mtoto aliweza kubahatisha, na njia yake hakuna aliyeiona. Baadaye maswali machache ya kukokotoa yakarudi, yakawakuta wengi hawajazoea kuandika njia.

Hapo ndipo kambi za kitaaluma za mkoa wetu zilipotufaa. Watoto hulala shuleni, hushindana kwa makundi, na mwenye jibu hulieleza ubaoni. Michezo ina UMITASHUMTA na shangwe zake. Hesabu zina ugali wa wazazi. Mahindi yakiisha, kambi inavunjwa.

Ndugu zetu mlio Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko, mwaka huu tunaomba mahindi, maharage na karatasi za mitihani ya majaribio.