D+: herufi ya dinamo iliyobaki kwenye alternateri

Leo naleta historia, lakini humu hamtakuta mfalme wala Mkutano wa Berlin. Kuko waya tu.

Mukifika garaji wanapotengeneza kamyo za zamani, kwa mfano zile Mercedes zenye pua fupi zilizoanza kutoka kiwandani 1959, angalieni nyuma ya alternateri. Kuko herufi: B+, D+, mara zingine DF. Uliza fundi D ni ya nini, atakuambia tu "ile ya taa". B ni batri. D ni dinamo, na DF ni ule uwanja wa sumaku wa dinamo, kwa Kijerumani. Lakini dinamo haiko tena pale! Iliondoka zamani, ikaacha jina lake kwenye mlango wa nyumba ya mwingine. Njo maana mafundi wengi mpaka leo wanaita alternateri "dinamo", na siwacheki, juu hata Wajerumani hawakubadilisha herufi.

Faraday wa 1831 tulimpitia wote mu sekonderi: sumaku ikitembea karibu na waya, umeme unazaliwa. Mwaka uliofuata, Hippolyte Pixii, fundi wa Paris, alitengeneza mashine ya kuzungusha sumaku kwa mkono. Umeme wake ulikuwa unaenda na kurudi. Ampère akamshauri aongeze kitu cha kuugeuza uende upande mmoja, na hicho njo babu wa kolekteri. Kwa hiyo umeme wa kwenda na kurudi, ule wa alternateri, njo ulitangulia. Dinamo ilikuja kuurekebisha.

Gari likaipenda dinamo kwa sababu ya batri. Mu 1912 Cadillac ilitoka na demareri ya umeme, kazi ya Charles Kettering, watu wakaachana na manivela. Lakini demareri inakula batri, na batri inajazwa na umeme wa upande mmoja tu. Basi dinamo ikatawala karibu miaka 50, na ubaya wake wote: umeme mzima unapita kwenye makaa yanayosugua kolekteri, yanakwisha, yanatoa cheche. Injini ikienda polepole dinamo haitoi kitu, na hapo batri ingeanza kurudisha umeme nyuma. Njo maana regilateri ya zamani ilikuwa kisanduku chenye vijisumaku vitatu: kimoja kukata njia ya kurudi, kimoja kupima volti, kimoja kuzuia ampea zisizidi.

Kilichoimaliza dinamo ni kipande kidogo cha silikoni, diodi, iliyopata nguvu ya kutosha mu miaka ya 1950. Mu 1960 Chrysler ikaweka alternateri kwenye gari lake Valiant kama kitu cha kawaida, wengine wakafuata. Sasa kinachozunguka ni sumaku, na makaa yanabeba ampea chache tu. Umeme mkubwa unatoka kwenye bobini zilizokaa kimya, unapita kwenye diodi sita. Diodi hairuhusu kurudi nyuma, kwa hiyo kile kijisumaku cha kukata hakina kazi tena. Ampea nazo zinajizuia zenyewe ndani ya bobini. Kwenye vile vitatu kikabaki kimoja, cha volti.

Mashine ikabadilika, lakini mazoea ya mikono hayakubadilika, na hapa njo pesa ya watu inapotea. Fundi wa dinamo alikuwa anagusisha waya kwenye masi aone cheche, ajue kama inachaji. Dinamo ilivumilia. Diodi haivumilii. Ukigeuza plus na minus ya batri, au ukitoa batri injini ikiwa inazunguka, unaweza kuziua papo hapo.

Taa ndogo nyekundu ya tablo njo inanisikitisha zaidi. Wakati wa dinamo ilikuwa inatoa habari tu, juu chuma cha dinamo kilibaki na sumaku kidogo ya kuanzia kazi. Kwa alternateri nyingi za zamani, umeme wa kuamsha sumaku unapita ndani ya taa hiyo: toka kontakti, kwenye ampuli, mpaka D+. Ampuli ikiungua, alternateri inabaki inalala. Nilijua mwenye kamyo mmoja wa njia ya Uvira–Bukavu aliyenunua alternateri mara mbili, na bado usiku kwenye escarpement ya Ngomo mataa yalikuwa yanafifia. Ampuli ilikuwa imetolewa zamani, eti inamsumbua dereva macho. Alternateri mbili! Hesabu mwenyewe ni safari ngapi za ndagala.

Kuko pia wale wanaofunga alternateri ya nguvu juu ya waya wa dinamo. Chukua waya wa shaba (na shaba tunaijua, jimbo zima la Katanga liliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997) wa milimita mraba 4, urefu mita 3. Upinzani wake ni kama omu 0,013. Kwa ampea 20 unapoteza volti 0,26 na wati 5 hivi za joto. Kwa ampea 55 unapoteza volti 0,72, na joto linafika karibu wati 40 mu waya uleule. Plastiki inalainika, kiungio kinakuwa cheusi, na lawama inaenda kwa alternateri.

Mwenye multimeta asianze kwa kufungua kitu. Awashe injini na mataa, apime volti kati ya B+ ya alternateri na plus ya batri, halafu kati ya mwili wa alternateri na minus ya batri. Namba anazosoma pale ni volti ambazo batri haizipati.