Mtoto au Mzee Anapopata Shida ya Kumeza

Shida ya kumeza ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Chakula hupita kooni, kisha kwenye umio, yaani mrija unaokipeleka tumboni. Kasoro inaweza kuwa popote njiani, au kwenye ubongo, kama kwa mtu aliyepata kiharusi.

Kwa mtoto, jiulize kwanza: imeanza ghafla? Mtoto aliyekuwa akicheza vizuri, mara anatokwa udenda na kukataa hata maji, huenda amemeza sarafu, mfupa wa samaki au betri ndogo ya duara. Betri ikikwama kwenye umio inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili, hivyo usingoje aitoe chooni. Wahi hospitali yenye eksirei. Usimtapishe, wala usimpe tonge la ugali ili lisukume kitu hicho. Aliyekunywa dawa ya kuunguza, kama kostiki ya kutengenezea sabuni, naye hatapishwi.

Ikiwa ana homa na koo linauma, mara nyingi ni mafindofindo. Hapo ndipo jirani au bibi atakaposema akatwe kimeo. Ushauri huu hutolewa kwa mapenzi, lakini usiukubali. Kimeo huonekana kirefu kwa sababu koo limevimba. Kukikata hakutibu homa wala kikohozi. Wembe huleta damu nyingi, maambukizi, hata pepopunda, na mtoto mwenye nimonia anazidi kucheleweshwa. Mpeleke zahanati. Anayepumua kwa shida au asiyeweza kunyonya apelekwe sasa hivi, hata kama ni usiku.

Kwa mtu mzima mambo huja polepole. Ugali unakwama kifuani, anashushia kila tonge kwa maji, baada ya wiki kadhaa anataka uji tu, na nguo zinampwaya. Wengi husema ni vidonda vya tumbo na kununua dawa dukani. Inaweza kuwa saratani ya umio, ambayo Afrika Mashariki inaipata zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana (zaidi ya nyuzi 65) vinahusishwa nayo.

Anayekwama hivyo kwa zaidi ya wiki mbili anahitaji kuangaliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Wakati mnasubiri, mlishe akiwa ameketi wima, chakula laini, kidogo kidogo, na mwelezee daktari ni lini ugali ulianza kumshinda.