Kigumba cha Mshale wa Ndovu

Watu wengi wakifikiri juu ya mshale hufikiri kwanza juu ya upinde, kwa kuwa upinde ndio unaoonekana na ndio unaotaka nguvu. Lakini mwindaji wa kale alijua kwamba kazi ya upinde ni kupeleka tu. Kinachoua ni kigumba, yaani kile kichwa cha chuma kilichotiwa kwenye ncha ya mshale. Upinde mmoja huweza kumtumikia mtu kwa mawindo ya namna nyingi, bali kigumba hakina budi kuchaguliwa kwa kumfuata mnyama anayewindwa. Katika insha hii tutaeleza jinsi wawindaji wa ndovu wa nchi yetu walivyochagua kigumba chao, kwa nini walichagua hivyo, na jinsi ujuzi wao ulivyogeuzwa kuwa hatia.

Mshale huua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukata: kigumba hupenya kifuani, kikakata mishipa na mapafu, na mnyama hufa kwa kutokwa na damu. Kigumba cha namna hii hutakiwa kiwe kipana kiasi na chenye makali kama wembe, maana kikiwa butu husukuma mishipa kando badala ya kuikata. Njia ya pili ni sumu. Hapa kigumba ni mfungua mlango tu. Kazi yake ni kuipitisha sumu katika ngozi na kuifikisha penye damu. Hakihitaji upana. Kinahitaji kupenya, na kikisha kupenya, kibaki humo humo.

Tofauti hii waweza kuiona hata leo katika podo moja. Wahadzabe, wanaokaa kandokando ya Ziwa Eyasi katika Tanzania, hubeba mishale ya aina mbalimbali pamoja. Iko yenye chuma kipana mfano wa jani, isiyopakwa kitu, na iko ya sumu, ambayo sehemu yake iliyopakwa hufungwa kwa ngozi. Chuma hicho aghalabu hutokana na misumari, nao huifua kwa kuigonga bila ya kuitia motoni. Mwindaji akimwona mnyama, mkono wake huenda kwenye mshale unaomfaa mnyama huyo. Basi kuchagua kigumba si jambo la bahati. Ni hukumu inayokatwa kabla upote haujavutwa.

Sasa tuje kwa ndovu, maana huyo ndiye mtihani mkubwa kuliko yote. Ngozi yake mahali pengine hufikia unene wa inchi moja, na nyuma ya ngozi hiyo ziko mbavu pana na nyama nyingi. Katika nchi kavu iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, kutoka mto Tana hadi Galana na nyika ya Tsavo, waliishi Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Watu hawa husema lugha ya jamii ya Kioromo, nao walisifika kwa kuwinda ndovu kwa upinde. Pinde zao zilikuwa ngumu mno. Kuuvuta mmoja kulitaka nguvu ya ratili zaidi ya 100, sawa na kuinua kilo 45 na kuzidi. Hata hivyo hawakutegemea nguvu peke yake. Walimnyemelea ndovu kwa kufuata upepo mpaka wakawa hatua chache tu kutoka kwake, ndipo wakapiga.

Na kigumba chao kilikuwaje? Mtu asiyejua angedhani kwamba mnyama mkubwa hudai chuma kikubwa. Waata walifanya kinyume. Kigumba chao kilikuwa kidogo na chembamba, kwa sababu kila upana unaoongezwa ni ngozi zaidi inayopaswa kukatwa, na nguvu ya mshale huishia huko nje kabla haujafika ndani. Nyuma ya kigumba kilifuata kijiti kilichopakwa sumu nzito, nacho kilizungushiwa ukanda wa ngozi laini ili jua na unyevu visiiharibu sumu, tena ili mwenyewe asije akajikwaruza. Kijiti hicho kilichomekwa tu katika wano. Ndovu alipokimbia, wano liliweza kuanguka njiani, lakini kigumba na sumu vilibaki mwilini.

Sumu yenyewe ilitokana na mti ambao Wagiriama huuita mutsungu na Wakamba huuita kivai. Mwaka wa 1888 mwanakemia Mfaransa, Arnaud, alitenga kiini cha sumu ya mti wa jamii hiyo, nacho kikapewa jina la uabaini, lililotokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Wataalamu wamekwisha kueleza inavyofanya kazi: huzuia chumvi ya sodiamu isitolewe katika chembe za mwili, na moyo hushindwa kupiga kwa utaratibu hata ukasimama. Ikimezwa huingia kidogo sana katika damu, na kwa hiyo wawindaji waliweza kula nyama baada ya kuondoa sehemu ya jeraha. Waata hawakuwa na maabara, lakini mambo haya mawili waliyajua, na maisha yao yaliyategemea.

Je, ujuzi huu waweza kupimwa kwa mizani ya watu wengine? Waweza. Mwaka wa 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Arthur Young, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, walikwenda Tanganyika kuwinda simba kwa pinde. Pope alikuwa daktari, na alikuwa amejifunza upinde kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila lake huko California, aliyefariki mwaka wa 1916. Hawakutumia sumu, kwa hiyo iliwapasa kuchagua njia ya kukata: vigumba vipana vya chuma cha pua, vilivyonolewa kwa tupa. Waliwaua simba kadhaa, lakini bunduki zilikuwa tayari kando yao.

Baadaye, katika miaka ya 1980, Mmarekani mwingine, Ed Ashby, alijaribu vigumba vya namna nyingi kwa wanyama wakubwa huko Natal, Afrika Kusini. Aliona kwamba mfupa ndio unaohukumu. Vigumba vipana vyenye makali mengi vilikwama, na vile dhaifu vilipinda au kuvunjika. Vilivyopita vizuri vilikuwa virefu, vyembamba, vyenye makali mawili, na vya chuma kigumu. Siku hizi viwanda hutengeneza pia vigumba ambavyo makali yake hukunjwa, yakafunguka vinapompiga mnyama. Lakini kufunguka huko hula sehemu ya nguvu ya mshale, na kitu chenye viungo huweza kuvunjika penye viungo. Ndiyo maana kwa mnyama mkubwa wawindaji wengi hushika kigumba cha makali yasiyokunjwa, ambacho hakina cha kufunguka wala cha kukwama. Neno hili, kwamba kupenya hutangulia upana, mhunzi wa nyika alikuwa amekwisha kulitia katika chuma chake zamani.

Lakini ujuzi haukuwaokoa Waata. Tangu mwanzo wa utawala wa Waingereza, sheria za wanyama zilitaka kila mwindaji wa ndovu awe na leseni, na leseni ilikuwa ya mwenye fedha. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki na mwanawe Kermit. Katika safari yao wawili hao waliua wanyama 512 kwa bunduki, na 11 kati yao walikuwa ndovu. Jambo hilo liliitwa mchezo na elimu. Mtu wa nyika aliyeua ndovu mmoja kwa mshale aliitwa jangili.

Mwaka wa 1948 Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ikaanzishwa juu ya ardhi ambayo Waata walikuwa wakiiwinda. Mwaka wa 1956 na 1957 askari wa hifadhi, wakiongozwa na watu kama David Sheldrick na Bill Woodley, waliendesha msako mkubwa. Wawindaji wengi walikamatwa na kufungwa. Hapa yatupasa tuwe waadilifu, maana historia si wimbo wa kusifu upande mmoja. Waata hawakuwinda kwa ajili ya nyama tu. Pembe ziliuzwa kwa wachuuzi, zikasafiri hadi pwani na ng’ambo, na idadi ya ndovu waliouawa ilikuwa kubwa. Walinzi wa Tsavo waliona mizoga kwa macho yao. Walakini faida kubwa ya pembe haikubaki nyikani, na kifungo hakikumfika kila aliyefaidika.

Wako hata maofisa waliotambua jambo hilo. Mwaka wa 1960 mpango ulianzishwa kando ya mto Galana, mashariki ya hifadhi, ili ndovu wavunwe kwa utaratibu na Waata wapate riziki ya halali. Mpango huo haukudumu, na ardhi ile baadaye ikawa shamba la mifugo. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu wa Tsavo. Kisha majangili wenye bunduki wakafanya maangamizi ambayo mishale haikupata kuyafanya. Mwaka wa 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo, na sheria ya mwaka wa 2013 iliongeza adhabu kali. Marufuku hiyo ingali inamhusu mwenye mshale na mwenye bunduki sawasawa.

Basi hatusomi habari hizi ili tupate kumwinda ndovu. Twazisoma kwa sababu kigumba ni hati. Waata wa kale hawakuandika vitabu, na walioandika habari zao aghalabu walikuwa ndio waliowakamata. Lakini ukikitazama kigumba kile kidogo katika jumba la makumbusho, chuma chenyewe chatoa ushahidi: wembamba wake wasema juu ya ngozi ya ndovu, ukanda wake wa ngozi wasema juu ya jua na tahadhari, na kijiti chake cha kuchomoka chasema juu ya mnyama anayekimbia. Aliyekifua alikuwa amefikiri. Na mtu aliyefikiri hivyo astahili kuandikwa katika historia yetu kwa kazi ya akili yake, wala si kwa hati ya mashtaka peke yake.