Chile: Usione Vyaelea, Vimeundwa

Kila bandari yetu inapotajwa kubinafsishwa, hapa barazani hakosi mtu wa kusema serikali ijitoe, soko lifanye kazi yake. Wala hakosi mwengine wa kuitolea mfano Chile, nchi ya Amerika Kusini. Mfano huo una upande ambao aghalabu hausimuliwi, nami leo naueleza.

Tuanze na fikra yenyewe. Walibertari, kama wanavyoitwa, hushikilia kuwa mtu ni mwenye nafsi yake na mali yake. Serikali ilinde watu na mikataba, mengine waamue wenyewe kwa hiari. Neno zito hapo ni hiari.

Tarehe 11 Septemba 1973, jeshi la Chile lilimpindua Rais Salvador Allende, msoshalisti aliyechaguliwa 1970. Uchumi ulikuwa umevurugika na bei zilipaa vibaya. Jenerali Augusto Pinochet akafunga bunge na kupiga marufuku vyama. Tume za taifa baadaye zilitambua zaidi ya watu 3,000 waliouawa au kupotezwa, na makumi ya maelfu walioteswa.

Wanajeshi hawakuwa na mpango wa uchumi. Waliokuwa nao ni Wachile waliosomea Chuo Kikuu cha Chicago, chini ya ushirikiano ulioanza miaka ya 1950. Waraka wao mnene, uliobandikwa jina la "Tofali", ulikuwa tayari. Milton Friedman, profesa wa Chicago, alizuru Machi 1975, akakutana na Pinochet na kushauri matumizi ya serikali yakatwe kwa haraka.

Mashirika ya umma yakauzwa, ushuru wa forodha ukashushwa. Mwaka 1981 pensheni zikapelekwa kwa kampuni binafsi, mfanyakazi akiweka asilimia 10 ya mshahara wake. Lakini wanajeshi na polisi walibaki na mfumo wao wa zamani. Dawa ikiwa nzuri hivyo, mbona tabibu hainywi?

Mwaka 1982 uchumi ulianguka kwa takriban asilimia 14. Mwaka uliofuata, serikali ile ile iliyohubiri kujitoa ikaingia kuokoa mabenki.

Haki isemwe. Tarehe 5 Oktoba 1988, takriban asilimia 56 ya wapiga kura walimkataa Pinochet. Serikali za kiraia zilizofuata kuanzia 1990 hazikulitupa soko. Zililiendeleza, zikaongeza huduma kwa wanyonge, na umaskini ukapungua sana. Kwa hivyo sisemi soko ni ubaya.

Hata hivyo jeraha halikupona. Oktoba 2019, nauli ya treni za jijini Santiago ilipanda kwa peso 30, na maandamano yakaenea nchi nzima. Miongoni mwa malalamiko ilikuwa ile pensheni ya 1981, ambayo kwa wengi ilikuwa haikidhi maisha.

Funzo ninaloliona ni hili: huwezi kumpa mtu uhuru wa kuuza na kununua huku umemfunga mdomo, kisha ukauita uhuru kamili. Sisi tulioishi chini ya chama kimoja kisheria, tangu 1982 hadi 1991, twaijua ladha ya kuamuliwa.

Basi siku nyengine Chile ikitajwa barazani, muulizeni msemaji: wale wafanyakazi waliulizwa? Na sisi je, tutaulizwa?