Jinsi Linux Ilivyofunzwa Kuiacha Diski Ilale

Kuisimamisha diski ya kompyuta mpakato hakujawahi kuwa kazi ngumu. Unaipa amri moja, sahani zake zinaacha kuzunguka, mvumo unakatika. Kazi ilikuwa kuifanya ibaki imelala, na watumiaji wa Linux waliihangaikia kwa miaka.

Enzi hizo diski ilikuwa mtambo hasa: sahani zilizozunguka mara 4,200 au 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vikielea juu yake. Diski ya inchi 2.5 ilikula takriban wati 1 hata ilipokuwa haina la kufanya. Kioo kilikula zaidi, lakini kwa betri za wakati ule kila dakika ilihesabika. Mwaka 1994, Kester Li na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima suala hili. Watengenezaji walikuwa wakishauri diski isubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kulala. Watafiti hao wakaona kwamba kwa hesabu ya umeme, sekunde 2 zinatosha.

Kwenye Linux, chombo cha kuilaza diski kilikuwa hdparm, programu ya Mark Lord. Mtu aliandika hdparm -S 4, yaani diski ilale baada ya sekunde 20 za kukaa bure. Ililala kweli, na muda si mrefu ikaamka. Aliyeiamsha alikuwa kerneli yenyewe, kiini cha Linux, ambayo kila sekunde 5 ilikagua data iliyobadilika kwenye kumbukumbu na kupeleka diskini ile iliyokaa muda wa kutosha. Ilikuwa na haki, maana umeme ukikatika ghafla, ambacho hakijaandikwa kimepotea. Lakini kuamsha sahani zilizosimama hudai umeme mwingi kuliko kuzizungusha, kwa hiyo diski inayolazwa na kukurupushwa kila mara huweza kumaliza betri mapema kuliko ile isiyolala kabisa.

Daniel Kobras aliandika noflushd, programu iliyozuia uandishi huo wakati diski imelala. Ilisaidia, mpaka mfumo wa faili wa ext3 ulipoingia kwenye kerneli mwishoni mwa 2001. Ext3 ina daftari lake la mabadiliko, nayo hulihifadhi diskini kila sekunde 5. Hapo noflushd haikuwa na la kufanya. Tiba ilibidi itoke ndani ya kerneli.

Ilitoka kwa Jens Axboe wa Denmark, ambaye kazi yake, laptop mode, iliingia kwenye toleo la 2.4.23 mwaka 2003. Bart Samwel akaihamishia kwenye 2.6.6 mwaka uliofuata. Wazo lao ndilo ninaloliona zuri kuliko yote katika historia hii. Hawakuridhika na kuchelewesha uandishi hadi dakika 10. Walisema pia: diski ikiamshwa na mtu anayesoma faili, basi kila kinachosubiri kuandikwa kiandikwe papo hapo. Aliyefika kisimani ajaze ndoo zote.

Zilibaki programu sumbufu zilizoigusa diski kila mara, na kuzibaini kulihitaji subira. Swichi moja ya kerneli, block_dump, ilitaja kila programu iliyogusa diski. Lakini majina hayo yalipokelewa na syslogd, mtunza kumbukumbu za mfumo, naye akayaandika diskini. Uandishi huo nao ukatajwa, ukaandikwa tena, bila kikomo. Ilibidi syslogd izimwe kwanza. Hata kusoma faili kulizaa uandishi, kwa sababu saa ya kusomwa ilirekodiwa kila mara. Desturi hiyo ilipunguzwa kwa mpangilio wa relatime, uliofanywa kuwa wa kawaida kuanzia 2.6.30, mwaka 2009.

Bei ya yote haya ilikuwa wazi: kompyuta ikizimika ghafla, kazi ya dakika 10 imekwenda. Tena mtambo huchakaa. Mwaka 2007 watumiaji wengi wa Ubuntu walishtuka kuona diski zao zikiegesha vichwa mara kwa mara, usiku na mchana, ilhali diski nyingi za aina hiyo zimeundwa kuhimili maegesho 300,000 hadi 600,000. Ubanaji wa umeme uliopitiliza ulikuwa unakula uhai wa diski.

Diski za kielektroniki hazina sahani za kuzungusha, na mwaka 2021 block_dump iliondolewa kwenye kerneli. Hata hivyo kompyuta zenye diski za sahani bado zinauzwa na kutumika. Kama unayo mojawapo yenye Linux, endesha smartctl -A kwa mamlaka ya msimamizi, ukitaja diski yako, usome mstari wa Load_Cycle_Count, unaohesabu maegesho ya vichwa. Namba ikipanda upesi, legeza mpangilio wa kubana umeme kwa hdparm -B 254, kisha weka nakala ya kazi zako mahali pengine leo hii.