Bunduki nyepesi ya kuwinda: ilifikaje kwetu, na nani alinyimwa

Ukitaja Kasapa leo, watu wanafikiri chuo kikuu na gereza. Pori la miombo lililozunguka mji wa Lubumbashi limegeuka makala kwa sehemu kubwa, na anayetaka nyama ya pori anaitafuta sokoni. Lakini nchi hii ilikuwa nchi ya wawindaji. Hata jina la Bayeke, waliotawala kutoka Bunkeya, linatokana na chama cha wawindaji wa ndovu huko Unyamwezi na Usumbwa, katika Tanzania ya leo. Kwa hiyo historia ya bunduki ya kuwinda si habari ya Wazungu peke yao. Inatuhusu.

Mwenda Msiri alifika Katanga kutoka upande huo wa mashariki na kukaa hapa kuanzia miaka ya 1850. Nguvu yake ilisimama juu ya biashara: shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa vilitoka, bunduki, baruti na vitambaa viliingia. Njia moja ilikwenda Tabora na pwani ya Zanzibar, nyingine ilikwenda Bihe na Benguela, kwenye Angola ya leo. Bunduki zilizoingia zilikuwa magobore: unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unashindilia risasi, unafyatua mara moja, halafu unaanza upya. Risasi za timbal zilipokosekana, shaba ya hapa ilitumika kutengenezea risasi. Jambo hilo tuliweke akilini, litarudi mwishoni.

Bunduki nzito za zamani

Wazungu wa wakati huo nao walikuwa na shida yao. Baruti nyeusi haina mwendo mkali. Ili kuangusha mnyama mkubwa, walilazimika kuongeza ukubwa wa risasi, na risasi kubwa inataka bunduki nzito. Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alibeba bunduki ya kilo 9 hivi iliyorusha kombora la karibu gramu 227. Yeye aliiita «Mtoto», na watu wake Waarabu waliiita mwana wa mzinga. Mwenyewe aliogopa kuifyatua, kwa kuwa ilimzungusha kama jani la upepo. Silaha ya namna hiyo inataka mtu wa pembeni wa kuibeba, na mnyama hangoji mpaka umkabidhi mwenzako.

Mabadiliko yalianzia kwenye baruti. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi. Risasi ndogo na ndefu sasa iliweza kwenda kwa kasi kubwa na kuzama ndani sana. Jambo la pili lilikuwa komeo. Mjerumani Paul Mauser alikamilisha mtambo unaofungwa kama komeo la mlango: unainua mkono wake, unarudisha nyuma, ganda tupu linaruka nje, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia, unashusha mkono, mlango umefungwa. Mtambo wake wa mwaka 1898 unaigwa mpaka leo.

Ubelgiji nao uliingia mapema. Kiwanda cha Fabrique Nationale kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, mwaka 1889, ili kitengeneze bunduki za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Wanajeshi wa Force Publique huku Kongo walianza na bunduki ya Albini, inayofyatua risasi moja moja, na baadaye wakapewa Mauser.

Bell na risasi ya gramu 11

Aliyeonyesha wazi kwamba bunduki nyepesi inatosha alikuwa Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880. Aliwinda Karamoja, kaskazini mwa Uganda, ndiyo maana aliitwa «Karamojo» Bell. Baadaye aliwinda katika Enclave ya Lado, kwenye mto Nile, sehemu iliyokuwa mkononi mwa mfalme Leopold II mpaka alipokufa Desemba 1909. Wenzake walibeba bunduki kubwa za mitutu miwili. Bell alitumia zaidi Mauser ya milimita 7, iliyotengenezwa na Rigby wa London, na Mannlicher ya milimita 6.5. Risasi zake zilikuwa za gramu 10 au 11 tu.

Siri yake haikuwa nguvu. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, halafu akajifunza kuulenga kutoka kila upande. Risasi ndefu, ngumu, yenye ncha ya mviringo, ilipenya mfupa bila kupinda. Na kwa sababu bunduki ilikuwa nyepesi, aliibeba mwenyewe safari nzima na ilikuwa tayari mkononi. Aliua ndovu zaidi ya 1,000.

Hesabu hiyo leo haisomwi kwa furaha. Ufundi uleule uliomrahisishia kazi mwindaji ndio uliowamaliza ndovu.

Sheria iliyogawa watu

Hapa ndipo historia inapouma. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na sehemu juu ya silaha. Kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa zenye michirizi ndani ya mtutu zilizuiliwa zisiingie mikononi mwa watu kwa jumla. Kilichoweza kuuzwa kwa wenyeji ni gobore la gumegume na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, kwa kuwa bunduki zilitumika kweli kukamata watumwa. Lakini matokeo yalikuwa haya: Bell angeweza kutembea Lado na Mauser yake, na mwindaji mwenyeji akabaki na silaha ya enzi ya babu yake.

Msiri aliliona hilo kabla ya wengine. Msafara wa kapteni Stairs ulifika Bunkeya Desemba 1891, na tarehe 20 ya mwezi huo Msiri akauawa kwa risasi ya kapteni Bodson, ambaye naye alipigwa risasi palepale. Magobore yalikuwa yamekutana na bunduki za kisasa.

Wahunzi wa huku hawakukaa mikono mitupu. Wenyeji walipokosa bunduki ya dukani, walitengeneza yao kwa mabomba ya chuma na mbao. Ndiyo pupu inayojulikana mpaka leo katika Katanga na Kivu. Ni nyepesi, ndiyo, lakini bomba la maji halikutengenezwa kubeba nguvu ya baruti. Linaweza kupasuka mbele ya uso wa anayefyatua.

Wepesi una bei yake

Hata viwandani wepesi hauji bure. Tangu miaka ya 1980, mafundi wa Marekani wamejenga bunduki za komeo zisizofika kilo 2 na nusu. Wanaacha mbao na kutumia nyuzi za kevlar au kaboni kwa kitako, wanapunguza unene wa mtutu, wanachonga chuma kisichohitajika. Lakini ukipunguza uzito wa bunduki kwa nusu huku risasi ni ileile, nguvu ya teke lake begani inakuwa mara mbili. Mtutu mwembamba unapata moto haraka. Ndiyo maana bunduki hizo ni za mtu anayepanda milima siku nzima na kufyatua mara moja au mbili.

Na ile shaba ya Msiri? Jimbo la California, tangu Julai 2019, linakataza risasi za timbal katika uwindaji wote, kwa kuwa timbal huua ndege wanaokula mizoga. Wawindaji wengi huko sasa wanatumia risasi za shaba tupu. Kile ambacho Katanga ilikifanya kwa ukosefu, wao wanakifanya kwa sheria.

Kwetu sheria ya uwindaji ni ile ya tarehe 28 Mei 1982, na ya kulinda viumbe ni ya Februari 2014. Zote zinataka kibali. Mwenye fedha anapata kibali na bunduki nzuri. Mwanakijiji ana pupu, na kwa sheria ni mhalifu. Mgawanyo wa 1890 umebadilika sura, haujaisha. Na pori lenyewe, kutoka Kasapa mpaka Upemba, linazidi kukosa wa kuwindwa.