Sili mwenye miguu

Mjomba wangu ni mstaafu wa posta, na ana ugonjwa wa kukusanya stempu. Ukienda kwake Jumapili, mkishamaliza ubwabwa lazima uletewe albamu. Majuzi aliniletea kitu kingine: katalogi kubwa ya stempu za dunia, kurasa zimelegea mpaka zinaanguka. Akaweka kidole kwenye picha moja ndogo akaniuliza, "Haya msomi wa chuo kikuu, mnyama gani huyu?"

Nikatazama. Mnyama amelala juu ya barafu. Nyuma ana mkia kama wa samaki, mwili mnene, kichwa cha mviringo, halafu mbele ana miguu miwili kama ya mbwa aliyejilaza barazani. Nikasema ni mbwa. Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

"Sili huyo, mjomba. Sili mwenye miguu."

Ndugu zangu wasomaji, sili hana miguu. Ana mapezi mawili mbele, bapa kama kasia, na mengine mawili nyuma. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma habari za stempu hiyo, na sasa imekuwa wiki nzima haijanitoka kichwani.

Ni stempu ya senti 5 iliyotolewa mwaka 1865 na Newfoundland, kisiwa kikubwa kilichoko pembeni kabisa mwa Amerika ya Kaskazini, kwenye Atlantiki. Leo ni sehemu ya Kanada, lakini walijiunga mwaka 1949 tu. Kabla ya hapo walikuwa peke yao chini ya Waingereza, na stempu zao wenyewe. Mwaka huo wa 1865 waliachana na shilingi na peni wakaanza kutumia senti, kwa hiyo ikabidi zichapwe stempu mpya. Kazi wakapewa American Bank Note Company ya New York.

Angalia walichochagua kuweka. Enzi hizo stempu nyingi zilikuwa na vichwa vya wafalme na malkia, na wao pia walimweka Malkia Victoria na mumewe Albert. Lakini senti 2 wakaweka samaki wa cod, ambaye kamusi zetu humwita chewa ingawa si yule chewa wa pale Feri. Senti 13 wakaweka jahazi la milingoti. Senti 5 ndiyo huyu sili wetu. Kwa maneno mengine, waliweka kile kilichokuwa kinawalisha. Hata sisi mwaka 1967 tulitoa mfululizo wa stempu za samaki.

Tatizo ni kwamba sili wa Newfoundland alichongwa New York, mbali na barafu. Stempu ikatoka ya kahawia, mwaka 1868 ikatoka nyeusi, na mnyama ni yule yule na miguu yake. Leo wakusanyaji wanaitafuta sana, hasa ile ya kahawia. Lakini tumtendee haki mchongaji: sili wa aina hiyo ana kucha tano kwenye kila pezi la mbele. Kucha alizochora zipo kweli. Alichokosea ni kuzipa mguu wa kusimamia.

Na hawakuishia hapo. Mwaka 1897 walisherehekea miaka 400 tangu John Cabot alipofika huko na meli yake Matthew. Picha ya meli hiyo haikuwepo, basi wakachukua meli ya Columbus kutoka kwenye stempu ya Marekani ya mwaka 1893, wakaiandika jina la Matthew. Picha ya Cabot mwenyewe nayo haikuwepo. Wakaweka ya mwanawe, Sebastian.

Unaweza kucheka, kama nilivyocheka mimi. Lakini nilipoendelea kusoma juu ya sili wenyewe, kicheko kikakata.

Sili hao huzaa juu ya barafu mwishoni mwa majira ya baridi, Februari na Machi. Usifikirie kipupwe chetu cha kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Hapa bahari yenyewe inafunikwa na mapande ya barafu yanayoelea. Mtoto huzaliwa na manyoya meupe, mama humnyonyesha siku 12 hivi, kisha humwacha. Kila mwaka ifikapo Machi, meli za Newfoundland zilikuwa zinaondoka na mamia ya wanaume kwenda kuwawinda kwa ajili ya mafuta na ngozi. Wengi walikuwa wavuvi maskini waliokuwa hawana kipato kingine wakati huo. Walishuka melini wakatembea juu ya barafu, maili kadhaa, na marungu mkononi.

Machi 31, mwaka 1914, wanaume wa meli ya SS Newfoundland walikuwa barafuni dhoruba ilipokuja. Nahodha wao alidhani wako salama kwenye meli ya Stephano, iliyokuwa na nahodha ambaye ni baba yake mzazi. Baba naye alidhani wamerudi kwa mwanawe. Hakukuwa na namna ya kuulizana, kwa sababu redio ya Newfoundland ilikuwa imeondolewa na wenye meli, waliona hailipi. Watu 132 wakalala nje siku mbili, usiku na mchana, kwenye theluji na upepo. Walikufa 78. Dhoruba hiyo hiyo ikaizamisha meli nyingine ya sili, Southern Cross, na watu zaidi ya 170. Haikupatikana tena.

Hayo hayamo kwenye stempu. Kwenye stempu sili amepumzika tu, barafu imetulia kama jamvi.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenigusa. Mwaka wangu wa kwanza gazetini niliandika habari ya kijiji kimoja cha pwani ya kusini, ambako baruti zilikuwa zinamaliza miamba ya samaki. Habari ya kweli kabisa. Lakini sikwenda. Nilipiga simu tatu, na saa kumi na moja mhariri alikuwa anasubiri. Ili habari inoge nikaandika kwamba madema ya dagaa yanarudi matupu.

Kesho yake mzee mmoja akapiga simu chumba cha habari. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, dema umewahi kuliona?" Nikababaika. "Dema halivui dagaa. Dagaa tunawafuata usiku kwa taa na nyavu. Dema unatega mwambani, linakuletea changu, tasi, chewa."

Nikaomba radhi, nikidhani yameisha. Kumbe pale kijijini kulikuwa na kikao, na ofisa mmoja alisimama na gazeti letu mkononi akasoma sentensi ile kwa sauti. Akasema mwandishi huyu hajui hata dema linavua nini, tutamwaminije kwenye baruti? Watu wakacheka, na mjadala wa baruti ukafia hapo. Mzee ndiye aliyenieleza. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Niliwapa dagaa dema, kama yule wa New York alivyompa sili miguu. Tofauti ni kwamba kosa lake leo linauzwa kwa fedha nyingi, na langu lililipwa na watu wasio na kosa.

Baadaye nilikwenda kijijini kwa nauli yangu. Nikashikishwa dema, nikaona linavyosukwa, nikaandika upya. Habari ikatoka ukurasa wa ndani, ndogo. Mzee akapiga tena: "Safari hii umekuja, inaonekana."

Mjomba anasema katalogi nitairithi mimi. Nimemwambia asiwe na haraka, ila ukurasa ule wa sili nimeutoa fotokopi na kuubandika ukutani juu ya meza yangu kazini. Wenzangu wanaopita huniuliza mbwa huyo ni wa nani.